Niliruka Kamba Alfajiri, Nikashindwa Kumpigia Goti Mama Mkwe

Sifa na ziende kwa Bwana, ndugu zangu! Aa-aa, hapo mmeitika kama watu ambao hawajanywa chai. Sifa na ziende kwa Bwana! Haya, sasa nimesikia mpaka kwa wa mlangoni.

Mchungaji amenipa dakika chache, na ninyi mnanijua, mimi nikipewa dakika chache nachukua na za mwenzangu. Nivumilieni. Kwa wageni, naitwa Mama Neema, nakaa Isevya, nauza asali na karanga sokoni, na kwenye kwaya ya akina mama naimba sauti ya pili. Mume wangu ni yule pale mwenye shati la bluu, anayeangalia dari kana kwamba hanijui. Baba Neema, shuka chini, leo utanijua tu!

Ndugu zangu, Bwana amenitoa mbali! Ameniponya mgongo, ameniponya nyonga, na zaidi ya yote amenirudisha kwa mama mkwe wangu, mahali ambapo mlango ulikuwa umeshafungwa. Na ametumia kitu ambacho nikikitaja wengine mtakunja uso. Ametumia yoga. Eee, nimesema yoga. Mzee wa kanisa usiinuke, kaa kwanza, nisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Nianze tulikotoka. Miaka iliyopita nilipimwa nikakutwa na presha. Daktari akaniambia, mama, pamoja na dawa, huo mwili uutembeze. Kweli alikuwa na haki ya kusema! Mimi nilikuwa mtu wa kiti cha plastiki, asubuhi mpaka jioni nimekaa nyuma ya madumu ya asali, nikinyanyuka ni kwenda kununua chipsi. Basi nikaanza mazoezi pale pale uani kwangu. Nikaruka kamba. Nikachuchumaa na kusimama. Nikakimbia papo hapo mpaka kuku wakahama upande ule wa ua. Pushapu nazo nikapiga, kwanza za magoti, baadaye za wanaume kabisa. Na presha ikashuka! Daktari mwenyewe akafurahi. Kwa hiyo mtu asije akatoka hapa akasema Mama Neema amesema mazoezi ni mabaya. Mazoezi yaliniokoa, na mpaka leo nafanya.

Shida ilikuwa sikujua kuacha. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu, mnaujua. Marehemu baba yangu alikuwa akitukalisha na kutuambia kwamba damu yetu ni ya wapagazi, kwamba babu wa babu yake alitoka hapa hapa Tabora na mzigo wa pembe kichwani, akatembea mpaka pwani, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Tulikua na hadithi hiyo. Mtoto ukijikwaa ukalia unaulizwa, we mjukuu wa mpagazi gani huyo? Basi mimi mwenye akili zangu nikaona kuruka kamba ni mchezo wa watoto. Nikachukua mfuko wa sandarusi, nikaujaza mchanga, nikajitwisha kichwani, nikawa nazunguka nao ua kila asubuhi kama naelekea Bagamoyo. Jamani, nacheka sasa, lakini wakati ule nilijiona shujaa. Kila mfuko ukizoeleka, naongeza mchanga.

Maumivu yalianza kidogo kidogo kwenye nyonga ya kulia. Yakapanda kiunoni. Yakashuka nyuma ya paja mpaka gotini. Asubuhi nikiamka, kabla sijasimama lazima nishike ukuta. Baba Neema akiniuliza, namwambia nimelalia vibaya. Nikimaliza mazoezi mwili umepata moto maumivu yanajificha, kwa hiyo nikajidanganya kwamba dawa ni kuzidisha. Hapa hapa kanisani, tulipokuwa tunapiga magoti kuomba, mimi nilikuwa nimeinamia benchi nimelikumbatia kwa mikono miwili. Najua kuna dada zangu walikuwa wanasema, loo, Mama Neema leo amezama rohoni! Nilikuwa nimezama wapi? Nilikuwa nimeshika benchi nisianguke!

Sasa sikilizeni nilivyopatikana.

Mama mkwe wangu anakaa Goweko. Ni mjane, ana shamba lake la tumbaku na karanga, mwanamke wa kazi, maneno machache. Kwake kila Krismasi ukoo mzima tunakutana. Na pale kuna desturi. Asubuhi ya sikukuu, kabla mtu hajaonja chai, mama anatoka anakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, na sisi wakamwana tunakwenda mmoja mmoja kwa ukubwa. Unapiga magoti mawili chini, unamsalimu, unampa ulichomletea kwa mikono miwili, na unabaki chini mpaka akuitikie. Mimi ndiye mke wa mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo mimi ndiye naanza, wadogo zangu wanafuata. Nimefanya hivyo tangu nimeolewa, na nilikuwa naipenda sana asubuhi ile.

Mwaka ule, ndugu zangu, nikaamka alfajiri nikatoka uani na kamba yangu. Mtu wa mazoezi haachi mazoezi kwa sababu ya safari, si ndiyo? Nikaruka! Watoto wakaja kuhesabu, mashemeji wakatoka vyumbani na miswaki mdomoni, wake zao wanapiga vigelegele, na mama mkwe amesimama mlangoni ananitazama. Nikaona sifa. Nikaruka kwa mguu mmoja. Nikaruka kwa mguu wa pili.

Saa ya kusalimu ikafika. Mwili ulikuwa umeshapoa. Mama amekaa kwenye kigoda chake. Nikasogea na doti yangu ya khanga mkononi. Nikaanza kushuka, na nilipofika nusu, mgongo ukakaza. Ukafunga kabisa! Ulikuwa kama mlango uliokomewa kwa ndani. Sishuki, sipandi. Jasho linanitoka. Nikasema moyoni, Yesu wangu, nishushe tu, hata kama sitainuka tena. Sikushuka. Nikajinyoosha kwa nguvu, nikasimama mbele ya mama wa mume wangu kama askari, nikamnyooshea khanga kutoka juu, nikasema, "Shikamoo, mama."

Watu wote wakageuza macho kwa mama. Hata watoto.

Mama hakuitikia. Hakuipokea khanga. Alinitazama toka miguuni mpaka kichwani, halafu akamgeukia mwanawe akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia: "Alfajiri alikuwa anaruka uani kwangu kama mbuzi. Sasa hivi goti halikunjiki. Basi nimeelewa." Akainuka na kigoda chake akaingia ndani. Wadogo zangu hawakupata hata nafasi ya kumsalimu.

Na mimi, ndugu zangu, ningeweza kusema neno moja. Ningesema "naumwa" yangeisha. Lakini nani angeniamini? Si wote wamenihesabia kamba! Na mdomo wenyewe haukujua kulitamka neno lile. Nikabaki nimesimama na khanga yangu, machozi yanatoka, na watu wakadhani nalia kwa kiburi kilichoumbuka.

Tulirudi mjini. Baba Neema hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Siku ya pili akaniuliza, "Mama Neema, niambie ukweli. Ulimkatalia mama yangu?"

Nikasema, "Hapana, baba. Mwili ulikataa."

Akatazama ule mfuko wangu wa mchanga kwenye kona, akanitazama na mimi. "Mwili huu?" Akachukua kofia yake akatoka.

Ingekuwa ni salamu tu labda ingepoa. Lakini mama macho yake yalikuwa yanafunga, mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulikuwa tumeshapanga aje akae kwetu atibiwe hapa mjini. Chumba kipo, kitanda kipo. Akatuma ujumbe kupitia shemeji: hawezi kulala katika nyumba ya mwanamke asiyemhesabu kuwa mtu, bora apofuke akiwa kwake. Baba Neema alikwenda kumbembeleza, akarudi peke yake. Akaenda tena, akarudi peke yake. Mashemeji wakaambiwa wamchukue wao, mama akakataa, akasema nyumba ya mtoto wa kwanza ndiyo nyumba yake, na kama ile imefungwa basi hana pa kwenda. Ndugu zangu, niliona nimemfumba macho mama wa watu kwa mikono yangu. Usiku na mchana nililibeba hilo.

Mnadhani basi nilikwenda hospitali? Thubutu! Nikasema huu ni ulegevu, nitautoa kwa mazoezi. Nikaongeza mchanga! Nikajitwisha asubuhi moja, nikapiga hatua, nikasikia kitu kinavuta kiunoni, na mimi na mchanga wangu tukaenda chini. Nililala chali uani, siwezi kugeuka, mume ameshakwenda kazini, kuku wananizunguka wanadonoa karibu na masikio. Nikaanza kuomba kwa sauti. Sikuomba kwa ufasaha, nilikuwa nasema tu Yesu, Yesu, Yesu.

Na Bwana akajibu kwa mlango wa jirani! Bi Rukia, mama wa Kiislamu tunayepakana naye ua, yule wa vitumbua, akasikia. Akaja mikono imejaa unga, amejifunga khanga kifuani. Wala hakushtuka. Akaniambia, "Usijivute. Kunja miguu taratibu. Sasa lala ubavu. Pumua, mwanangu, unabana pumzi za nini, unamfichia nani?" Akanigeuza, akaninyanyua, akanipeleka hospitali yeye mwenyewe.

Hospitali wakanipima. Mifupa mizima, asante Yesu! Daktari akasema misuli imekaza kwa kubebeshwa kupita kiasi bila kunyooshwa hata siku moja. Akanipa dawa za muda mfupi, akanikataza mfuko wa mchanga, akaniambia nipumzike kwanza, halafu nianze kujinyoosha polepole. Nikatoka pale nimenuna. Kujinyoosha? Mimi, mjukuu wa wapagazi, nijinyooshe kama paka?

Kumbe Bi Rukia ndiyo kazi yake kila asubuhi baada ya swala! Alikuwa ameugua mgongo alipokaa Dar es Salaam kwa binti yake, na binti akampeleka kwa mwalimu anayefundisha yoga ya taratibu kwa watu wazima. Amerudi nayo Tabora, anafanya kwenye mkeka wake, na sisi majirani hatujui. Akaniambia njoo nikufundishe. Nikaruka futi mia, mgongo na ubovu wake wote! Nikamwambia, "Bi Rukia, mimi mtu wa kanisa. Hiyo si ibada ya watu?"

Akanitazama akaweka mikono kiunoni. "Mama Neema, mimi nina swala tano kwa siku na vitumbua juu. Unadhani nina nafasi ya kutafuta ibada ya sita? Nanyoosha mgongo, basi. Kama unataka kuomba, mwombe Yesu wako, nani amekukataza?"

Nilikuja kwa mchungaji, yupo hapa shahidi wangu. Akaniuliza, ukivuta pumzi unataja jina la nani? Nikamwambia Bi Rukia anataja moja, mbili, tatu, nne. Akasema, basi wewe vuta pumzi mshukuru Mungu aliyekupa hiyo pumzi, na uniletee habari. Mchungaji, habari ndiyo hii naileta!

Siku ya kwanza Bi Rukia alitandika mkeka, akaniwekea mto na khanga iliyokunjwa chini ya magoti. Akanionyesha mkao wa paka: unasimama kwa mikono na magoti, unapandisha mgongo taratibu, unaushusha taratibu, na pumzi inakwenda nao. Nikangoja sehemu ngumu ije. Haikuja. Nikamwambia, "Bi Rukia, hata jasho halitoki. Ndiyo mazoezi haya?" Nikataka kwenda haraka, akanipiga kofi la begani. Nikataka kushuka zaidi ili nimwonyeshe, akanipiga la pili.

"We unashindana na nani hapa? Na mkeka?"

Nikamweleza habari za wapagazi. Nikamwambia sisi watu wa Unyamwezi hatulii na mzigo, babu zetu walitembea mpaka pwani. Nilidhani nimemnyamazisha. Loo! Bi Rukia kwao ni watu wa mji wa zamani wa hapa hapa Tabora, wazee wake walikuwa wanaipokea hiyo misafara ya wapagazi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Nakuambia mimi, maana kwetu ndiko walikokuwa wanafikia. Wakifika kambini walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanatua! Wanatua mzigo, wanaosha miguu, wanalala, kesho ndiyo wanajitwika tena. Asiyetua hakufika pwani, alizikwa njiani. Sasa wewe wako unautua lini?"

Ndugu zangu! Nilisikia kitu kinapasuka ndani yangu. Ni mara ngapi nimeimba kwenye kwaya hii kwamba nautua mzigo wangu kwa Yesu? Naimba sauti ya pili, natikisa na kichwa, na mzigo ninao, sijawahi kuutua hata siku moja! Haleluya! Bwana alichukua jirani yangu asiyeimba wimbo ule akanifundisha maana yake!

Na akanipa sheria moja tu. Akasema, kwenye mkeka huu ukivutika ni sawa, lakini ukisikia inauma, unasema. Husemi moyoni, unasema kwa mdomo, halafu unarudi nyuma kidogo. Mnadhani ni rahisi? Alinikalisha mkao wa mtoto: unapiga magoti, unakalia visigino, unainama mbele mpaka paji la uso liguse mto. Nikashuka kidogo tu, nyonga ikawaka moto. Nikanyamaza. Akauliza, "Inauma?" Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikafungua mdomo nikasema, "Inauma." Neno moja, ndugu zangu, na baada ya hapo nililia kama mtoto mchanga, nikamwaga yote, Goweko, khanga, mama, macho yake, kila kitu. Bi Rukia aliniongezea tu mto chini ya nyonga.

Basi tukaendelea. Mfuko wa mchanga niliumwaga, Baba Neema akazibia shimo la getini. Mwili ulipopata nafuu nikarudi kwenye mazoezi yangu, kwa ruhusa ya daktari, kamba kidogo, kuchuchumaa kidogo, lakini sasa kila nikimaliza natandika mkeka. Paka, mtoto, kulala chali nimekumbatia magoti, kulala miguu imeegemea ukuta, na pumzi ndefu. Asubuhi nyingine hakuna kuruka kabisa, ni mkeka tu. Mwanzoni niliona napoteza muda. Baadaye nikaona nalala usingizi. Nikaona naamka bila kushika ukuta. Nikavaa viatu nimesimama, bila kukaa! Vitu vidogo, lakini asiyeumwa hajui. Halafu siku moja, peke yangu chumbani, nikashuka magoti mawili hadi chini bila mto, bila ukuta, bila mkono wa mtu. Nikainuka. Nikashuka tena! Nikapiga kelele mpaka Bi Rukia akadhani nimeanguka tena, akaja mbio na mwiko.

Jioni ile nikamwambia Baba Neema, nipeleke Goweko. Akaniuliza, una uhakika? Nikasema, sina, lakini nipeleke.

Tukapanda gari tukaenda. Tulimkuta mama peke yake mbele ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anamenya karanga kwa kupapasa, maana ugonjwa wa macho ulikuwa umeshafika mbali. Baba Neema akasalimu, akaitikiwa. Mimi nikasogea. Alinijua kwa hatua zangu, akageuza uso.

Nikapiga magoti. Mawili. Chini kabisa, kwenye mchanga. "Shikamoo, mama."

Akamenya karanga.

Nikabaki. Alikuwa anamenya moja moja, maganda yanadondoka chini. Zamani ningetaka kujitetea, au ningeinuka. Nikavuta pumzi, nikaitoa. Nikamshukuru Mungu kwa hiyo pumzi, nikavuta nyingine. Karanga zikawa zinajaa kwenye ungo. Halafu goti la kulia likaanza kuwaka, lile lile, na nikaona ile khanga ya Krismasi mbele ya macho yangu, nikasema moyoni, nyamaza, vumilia, usimwonyeshe. Lakini sheria ya mkeka ikanijia mdomoni kabla sijaizuia.

Nikasema, "Mama, goti la kulia linaniuma. Nitalilegeza kidogo. Lakini siinuki mpaka uniitikie."

Mikono yake ikasimama. "Linauma?"

"Linauma, mama. Hata siku ile lilikuwa linauma. Mgongo ulifunga, sikuweza kushuka. Sikukudharau, mama yangu. Niliona aibu kusema, kwa sababu nilikuwa nimeruka mbele ya watu wote."

Ndugu zangu, sikujua kama atanifukuza. Mama akanyoosha mkono akapapasa hewani, akanipata bega, akanipata shavu, akakuta limelowa. Akasema, "Mwanangu. Ungeniambia neno moja tu, ningeinuka mimi nikakuletea hiki kigoda ukae."

Ningeinuka mimi! Mama mkwe wangu huyo! Miezi yote ile mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa neno moja mdomoni mwangu!

Halafu ndiyo akasema, "Marahaba, mayu." Kwetu mayu ni mama. Ananiita mama, mimi niliyepiga magoti mbele yake. Baba Neema alikuwa amegeukia shamba la tumbaku anajifanya anakagua majani. Tumbaku yenyewe ilikuwa imeshavunwa yote!

Tuliondoka naye. Alikuja kulala kwetu, kwenye chumba chake, na akatibiwa macho yake hapa mjini, jicho moja halafu la pili. Sasa hivi anaona mpaka nafasi niliyosahau kufagia! Asubuhi mimi na Bi Rukia tukitandika mikeka, yeye tunamwekea kiti, ananyoosha mikono na miguu akiwa amekaa, pole pole, na nikikosea wananisema wote wawili. Nina mama mkwe na jirani, sina pa kukimbilia, na mimi nasema asante Yesu!

Ndugu yangu uliyekaa hapo, wewe unayefanya mazoezi, endelea, Mungu akuzidishie nguvu, lakini mpe mwili wako na muda wa kutua. Mkeka upo uani kwangu kila Jumamosi asubuhi, dini yoyote, umri wowote, njoo na khanga yako. Kama una ugonjwa mzito anza kwa daktari, usianzie kwangu. Lakini leo sikusimama kwa ajili ya mkeka peke yake. Yupo mtu hapa amebeba kitu, ananyamaza, na watu wa nyumbani kwake wanamsoma vibaya kwa sababu wanamwona mzima. Mume wako anadhani umemchoka. Mama yako anadhani umemdharau. Kumbe unaumwa! Mtumaini Bwana kiasi cha kufungua mdomo. Mwambie yeye, halafu nenda ukamwambie na yule uliyemnyima hilo neno. Usingoje mpaka akose macho ya kukuona.

Namshukuru Mungu, namshukuru mchungaji, namshukuru Baba Neema, namshukuru Bi Rukia ambaye sasa hivi yuko kwenye vitumbua vyake. Na namshukuru mama yangu, yupo pale, benchi la pili, mwenye kitambaa cheupe. Mama, tafadhali simama kidogo wakuone.

Simama tu, mama.

Eti? Semeni tena, sijasikia. Anasema hasimami, magoti yanamuuma leo.

Mmemsikia? Amesema! Mbele ya kanisa zima amesema panapomuuma! Haleluya, ndugu zangu! Kaa, mama yangu, kaa hapo hapo, wao ndio watakaosimama. Haya, kanisa, simameni mumsalimu mama yangu!